Baada ya Mnyororo: Mateka wa Mbweni, Frere Town na Ng'ambo

Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash bin Said alitia saini mkataba na Waingereza, na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Vitabu vya skuli hupenda kuishia hapo: mnyororo umekatika, hadithi imekwisha. Lakini mtu aliyetolewa ndani ya jahazi usiku, viungo vimemkakamaa kwa kukunjwa, hana nguo, hajui lugha ya pwani wala kwao kuko upande gani wa jua, alikuwa na swali ambalo mkataba haukulijibu. Kesho atakula nini, na kwa jina la nani?

Watu wa pwani walimpa jina upesi kuliko walivyompa jibu. Walimwita mateka. Neno hilo halisemi kuwa mtu huyu ameachwa huru. Linasema ametekwa, na aliyemteka safari hii ni Mzungu wa manowari. Ndani ya neno hilo moja imo hukumu nzima ya mji juu ya uhuru wa namna ile, na hukumu hiyo haikuwa ya upuuzi. Katika jamii ambayo mtu alijulikana kwa watu wake, kwa mlango aliotokea na kwa yule aliyemdhamini, mtu asiye na bwana wala ukoo hakuonekana kuwa muungwana. Alionekana kuwa mali iliyopotea njia.

Tatizo la kwanza la waokoaji lilikuwa la mahali. Tangu kabla ya mkataba wa 1873 manowari za Kiingereza zilikuwa zikikamata majahazi baharini, na kila jahazi lililokamatwa lilileta suala hilohilo: watu hawa washushwe wapi? Wakishushwa Unguja, wataibwa tena kabla ya mwezi kuandama. Hivyo wakapelekwa mbali: Aden, Bombay, Mauritius, Shelisheli. Shelisheli peke yake, kuanzia mwaka 1861, ilipokea zaidi ya watu 2,000 kutoka majahazini, na wengi wao wakafungwa mikataba ya kazi kwa wenye mashamba ya minazi. Hapana shaka mkataba si utumwa. Lakini mtu asiyejua kusoma, asiyejua lugha ya mwajiri, aliyewekwa katika kisiwa asichoweza kutoka, alikuwa na sababu ya kuuliza tofauti iko wapi. Mwaka 1876 wamisionari wa Kanisa la Kianglikana walifungua skuli ya watoto wa watu hao katika milima ya Mahé, mahali palipoitwa Venn's Town. Mandhari yake yalisifiwa na kila mgeni aliyefika, na magofu yake bado yanaonyeshwa.

Waliopelekwa Bombay walipata bahati nyingine. Huko, karibu na mji wa Nasik, Mmisionari William Salter Price alikuwa na makao ya Waafrika waliookolewa. Watoto wa Kiyao, wa Kinyasa na wa makabila mengine walifundishwa kusoma, kufua chuma, na useremala. Makao hayo yana jambo moja la kuzingatiwa: walitoka mle wakiwa na kitu mkononi. Jacob Wainwright na Matthew Wellington, waliokuwa miongoni mwa watu waliouchukua mwili wa David Livingstone hadi pwani baada ya kufa kwake mwaka 1873, walikuwa watoto wa Nasik. William Jones, ambaye tutamkuta tena Rabai, alikuwa mhunzi kabla ya kuwa kasisi. Fundi chuma hahitaji kuulizwa ukoo wake na mwenye jembe lililovunjika.

Unguja yenyewe ilianza kwa idadi ndogo sana. Mwaka 1864 Seyyid Majid alimkabidhi Askofu Tozer watoto watano wa kiume waliotolewa katika jahazi. Mmoja wao, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879. Watoto wa kiume wakaendelea kukusanywa Kiungani, na wa kike Mbweni, kusini ya mji, katika shamba ambalo misheni ililinunua mwanzoni mwa miaka ya 1870. Kimbunga cha Aprili 1872 kilikuwa kimeing'oa mikarafuu na minazi ya Unguja, na mashamba yaliyosimama mwaka uliotangulia yalikuwa yamelala chini. Baada ya mkataba wa 1873, jahazi baada ya jahazi, watu wazima nao wakaanza kuletwa Mbweni. Ndipo shamba lile likawa kijiji.

Mpango wa Mbweni ulikuwa mwepesi kuueleza. Mtu alipewa nyumba ndogo ya udongo na kipande cha ardhi cha kulima. Alifanya kazi ya misheni kwa ujira, na siku zilizobaki zilikuwa zake. Kazi ilikuwapo ya kutosha, maana siku ya Krismasi ya mwaka 1873 jiwe la msingi la kanisa kuu liliwekwa palepale Mkunazini, sokoni, na Askofu Edward Steere, bingwa wa lugha ya Kiswahili, akajifanya mhandisi. Mawe ya matumbawe yalitaka kuvunjwa na chokaa ilitaka kuchomwa. Wageni wanaoingia kanisani leo huonyeshwa mahali paliposimama mti wa kuchapia viboko, wakatikisa vichwa, wakapiga picha. Ni nadra mtu kuwaonyesha kuta zenyewe na kuwaambia kwamba kuta zile zilikuwa riziki ya watu. Kwa waliolipwa kwa kuvunja mawe na kuchoma chokaa, huenda ule ulikuwa ujira wa kwanza katika maisha yao ambao hakuna bwana aliyeukata nusu.

Kazi iliyowaletea mateka heshima ya kudumu, hata hivyo, haikuwa ya mawe. Misheni ilikuwa na mitambo ya kupigia chapa, na vijana waliookolewa ndio waliofundishwa kupanga herufi. Watoto wa Kiyao na wa Kinyasa waliojifunza Kiswahili ukubwani, kwa kulazimika, wakawa mafundi wa kukichapa. Mwaka 1888 Kiungani ikatoa Msimulizi, miongoni mwa majarida ya mwanzo kabisa katika lugha ya Kiswahili. Wapenzi wa lugha hii, wanaojivunia kwa haki mashairi ya Lamu, Mombasa na Pemba yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, mara nyingi husahau kwamba Kiswahili cha kupigwa chapa kilipita kwanza katika vidole vya watu ambao mji uliwahesabu kuwa hawana kwao.

Kwa upande wa wasichana habari ni nzito zaidi. Caroline Thackeray aliwasili mwaka 1877 kuisimamia skuli ya Mbweni, na hakuondoka tena. Alifia hapo mwaka 1926. Chini yake wasichana waligawanywa makundi mawili. Wenye wepesi wa kitabu walisomeshwa ili wawe walimu, na wengine walifundishwa kupika, kufua, kushona na kusuka ukili. Mgawanyo huo ulifanywa kwa nia njema, lakini haukuwa wa haki, kwa sababu ulimpima mtoto aliyetoka katika hofu ya jahazi kwa kasi ya kujifunza alfabeti. Isitoshe, wote wawili, mwalimu na mfuaji, walisubiriwa na mlango mmoja: kuolewa na kijana wa Kiungani. Ndoa hizo hazikuwa bure. Cecil Majaliwa, aliyekombolewa utotoni na kupata upadri mwaka 1890, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa misheni ile, alifanya kazi miaka mingi Chitangali akiwa na mkewe, Lucy Magombeya, aliyekuwa mtoto wa Mbweni. Nyumba kama hiyo ilikuwa nguzo ya kijiji kizima. Lakini mwanamke wa Mbweni ambaye hakutaka kuolewa na aliyechaguliwa hakuwa na pengine pa kwenda. Riziki yake ilifungwa katika ndoa kama ilivyowahi kufungwa katika bei.

Steere mwenyewe hakuamini kwamba kisiwa kingeweza kuwa kwao watu wa bara. Mwaka 1876 akaongoza watu wa Mbweni zaidi ya hamsini, wanaume kwa wanawake, kurudi kusini katika nchi walizotekwa. Hawakufika mbali walikokusudia. Walisimama Masasi, chini ya majabali, wakapenda ardhi na maji, wakajenga. Ukitazama ramani utaona hekima ya jambo hilo: badala ya kumfundisha mtu ukulima wa ugenini, mrudishe kwenye mtama wake. Walipata mavuno, na jirani zao wakahamia karibu nao. Kisha, Septemba 1882, Wamagwangwara wakashuka. Nyumba zilichomwa, watu waliuawa, na baadhi ya waliokwisha kuokolewa mara moja na manowari wakachukuliwa mateka mara ya pili, safari hii bila bahari wala manowari. Waliosalia wakatawanyika, wengine wakaelekea Newala. Kumrudisha mtu kwao hakumfai kitu ikiwa kilichomtoa kwao bado kiko palepale kinamngoja, na Masasi ililipa gharama ya kulijua hilo.

Kwa upande wa kaskazini, Price wa Nasik alifika Mombasa mwishoni mwa mwaka 1874. Alinunua ardhi ng'ambo ya mkono wa bahari, ikapewa jina la Sir Bartle Frere, mjumbe aliyekuja kushinikiza mkataba wa 1873. Waafrika wa Bombay wapatao 150 walikwisha kuwa upande huu au waliitwa waje, wawe mafundi, walimu na viongozi wa wageni. Kabla mwaka 1875 haujaisha, manowari zilikwisha kushusha Frere Town watu zaidi ya 200. Kengele ikatundikwa kuwatahadharisha watu pindi wateka watumwa wakionekana, na hadi leo makutano yale ya barabara huitwa Kengeleni. Maelfu hupita hapo kila asubuhi kwenda makazini bila kuuliza kengele ilimlilia nani.

Frere Town ilikuwa na lawama ambayo Mbweni iliiepuka kwa kiasi. Ilianza kama kambi na ikabaki na tabia ya kambi. Posho iligawiwa kwa hesabu, saa ya kuamka na ya kulala ilipangwa, na aliyekosa aliadhibiwa. Mwaka 1881 malalamiko ya viboko na vifungo yaliwafikia maofisa wa Kiingereza Unguja, uchunguzi ukafanywa, na msimamizi wa kijiji akaondolewa. Hebu fikiria msomaji: mtu ametolewa katika jahazi kwa sababu alichapwa na kufungwa, kisha anachapwa na kufungwa na waliomtoa, na wao wanaita jambo hilo malezi. Waafrika wa Bombay, waliokuwa na ufundi na waliojua thamani ya ujira wao, walilipwa kidogo kuliko walivyostahili, na wengi wakaondoka wakatafuta kazi katika misafara, kisha serikalini na kwenye reli. Wamisionari waliandika kwamba vijana hao wana kiburi. Yumkini walikuwa wamekwisha kupona.

Huku nyuma ya Mombasa, wengine walikuwa wakijiokoa bila ya kengele. Watoro wa mashamba ya Malindi, Takaungu na Mombasa walijenga makao yao msituni, Fuladoyo na kwingineko, wakalima, wakabadilishana nafaka na Wagiriama, wakajilinda. Na wengi walikimbilia Rabai, ambako William Jones, Myao wa Nasik, hakuwa na moyo wa kuwarudisha. Aliwaacha wajenge. Mabwana wa Kiswahili na wa Kiarabu walidai watu wao, na walikuwa na sheria upande wao, kwa kuwa utumwa wenyewe ulikuwa bado halali. Kilichopigwa marufuku ni biashara tu. Mwaka 1888 George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki alipatana na mabwana hao, akawalipa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru hapo Rabai.

Hati ilikuwa kipande cha karatasi, lakini mwenye kuidharau hajapata kuishi bila ya karatasi. Kijakazi wa leo aliyekwenda Ghuba kutafuta kazi, pasi yake ikafungiwa kabatini na mwajiri, analijua hilo. Sheria za zama zetu, ya Tanzania ya mwaka 2008 na ya Kenya ya mwaka 2010, zinatambua usafirishaji haramu wa binadamu kuwa jinai, na kila moja imeweka mfuko wa kuwasaidia waliodhurika. Kwa hatua hiyo zimezidi mapatano ya Rabai. Pale fedha yote ilikwenda kwa aliyepoteza mtumwa, na aliyepoteza miaka ya umri wake akapewa cheti.

Kanuni hiyohiyo ilifuatwa Unguja na Pemba tarehe 6 Aprili 1897, Seyyid Hamoud bin Mohammed alipotoa amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake. Bwana akilipwa fidia, mtumwa alitoka na hati. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909. Na palikuwa na kifungu ambacho hakitajwi mara nyingi: aliyeachwa huru alipaswa kuonyesha kuwa ana makazi maalumu na njia ya kujipatia riziki, la sivyo angeweza kutangazwa mzururaji. Ina maana serikali ilimtaka mtu awe na nyumba na kazi siku ileile ilipomtoa katika nyumba na kazi, na haikumpa hata kimoja. Si ajabu wengi walibaki palepale walipokuwa. Walibadilisha masharti tu. Zamani mtumwa wa shamba alikuwa na Alhamisi na Ijumaa zake. Sasa alipatana na bwana siku chache za kupalilia mikarafuu, na kwa malipo akaruhusiwa kupanda muhogo wake chini ya miti na kufuga kuku. Msimu wa karafuu ulipofika, alichuma kwa ujira wa pishi. Pemba, Waquaker wakiongozwa na Theodore Burtt walianza mwaka huohuo wa 1897 na kununua shamba Banani, ili walioachwa huru wapate pa kufanya kazi ya mshahara. Kadiri ya shamba moja, lilifaa.

Wala isidhaniwe kuwa msaada wote ulitoka kwa wageni. Kuacha huru ni ibada katika Uislamu, na baadhi ya mabwana na mabibi wa Unguja walikwenda mbele zaidi ya kuacha huru: waliweka nyumba, viwanja na mashamba wakfu kwa ajili ya waliowaacha huru na vizazi vyao. Aliyeachwa huru kwa njia hiyo alipata paa, na akapata jina la nyumba ya kujinasibisha nayo. Kasoro yake ni kwamba alibaki mtu wa fulani. Lakini katika mji ule kuwa mtu wa fulani kulikuwa na faida kuliko kuwa mateka.

Waliotaka kutokuwa mtu wa yeyote walikwenda Ng'ambo. Huko, upande wa pili wa hori, wachukuzi, wapagazi, wavuvi, waashi, mama ntilie na madobi walijenga vibanda vya udongo na makuti kwenye ardhi ya wenye mali, baadhi yake ikiwa ya wakfu. Kulikuwa na kazi kila mahali, bandarini, forodhani, katika maghala ya karafuu. Na fedha ya kwanza, kwa wanawake, ilinunua nguo. Kaniki na marekani vilikuwa sare ya utumwa. Kanga ikawa tangazo. Wamisionari na maofisa waliandika kwa kejeli kwamba wanawake hawa wanamaliza ujira wao kwa mapambo. Hawakufahamu kwamba mwanamke aliyejifunika kanga mpya mbili akapita mtaani alikuwa anafanya kazi ambayo mahakama iliishindwa: alikuwa anajipa uungwana.

Mwanamke mmoja wa namna hiyo alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, kwa wazazi waliotoka katika utumwa, akapewa jina la Mtumwa. Mama yake alifinyanga vyungu, na yeye alivitembeza akivinadi njiani hadi mjini. Mwaka 1911 akahamia Ng'ambo, na sauti ile ya kunadi vyungu ikafunzwa kuimba. Akaitwa Siti, jina la bibi wa heshima. Aliimba Kiswahili katika taarabu iliyokuwa imezoea Kiarabu cha majumba ya kifalme, na aliyoyaimba yalikuwa ya mitaani kwake: kesi, dhuluma, wanawake walioonewa na matajiri waliokwepa hukumu.

Jambo ambalo Ng'ambo haikulipata ni ardhi. Vibanda vilikuwa vya watu, lakini udongo chini yake ulikuwa na wenyewe. Mji ulipokua, wenye ardhi wakapandisha kodi, na mtu aliyejenga kibanda miaka ishirini nyuma akaambiwa alipe au abomoe. Ndilo kosa lilelile la Mbweni, ambako kiwanja cha mateka kilikuwa chake kwa kulima lakini si chake kwa kuuza wala kupinga. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo walikataa kulipa kodi ya ardhi, wanawake kwa wanaume, na mgomo ukaitikisa serikali.

Mwaka huohuo Siti binti Saad na wenzake walipanda meli kwenda Bombay, mji ambao nusu karne nyuma manowari zilishusha mateka. Walikwenda kurekodi santuri kwa mkataba, na waliporudi, sahani zilizobeba sauti yake ziliuzwa pwani nzima.